Kopo la Vyuma

Mama yangu yuko Tanga, mimi niko Houston, na kati yetu kuna WhatsApp. Jumapili moja nilimwambia kwamba marehemu baba mkwe ameniachia bastola. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula: "Sasa mwanangu, utamwibia nani?"

Sikumlaumu. Kwetu bastola ni ya askari, ya tajiri au ya jambazi, na mimi sipo kwenye hata kundi moja. Miaka yangu ya gazetini Dar niliimalizia kwenye korido za mahakama, na bastola nilizoziona huko zilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, zimebandikwa karatasi ya kielelezo. Ya kwanza kuishika mkononi niliishika nikiwa na miaka 31, kwenye uwanja wa shabaha nje ya Houston, nimesimama kando ya mzee ambaye nilikuwa nimemuoa binti yake miezi minne kabla. Hadi siku hiyo tulikuwa hatujazungumza jambo lolote zaidi ya joto la Texas.

Mzee hakuwa mtu wa maneno. Alikwenda Vietnam akiwa na miaka ishirini, akarudi, akaendesha malori hadi alipostaafu. Vita hakunisimulia, na mimi, ambaye nimelipwa kwa miaka kuchokonoa watu, sikumchokonoa. Jumamosi alikuwa ananipitia na pikapu yake. Tunakwenda, tunapiga risasi hamsini hamsini, tunakula tako za barabarani, ananirudisha nyumbani. Hiyo ndiyo lugha tuliyokuwa nayo, na ilidumu miaka minne, mpaka moyo wake uliposimama asubuhi moja akiwa anafunga viatu.

Bastola yenyewe ni Colt Government Model, aliyoinunua dukani mwaka 1971. Ni ndugu wa kiraia wa ile M1911 iliyobuniwa na John Browning, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1911 na kwenda nayo kwenye vita kuu zote mbili, Korea na Vietnam, hadi mwaka 1985 lilipochagua Beretta kushika nafasi yake. Inabeba risasi saba za kaliba .45, yaani kipenyo cha milimita 11 na ushei, na ikiwa tupu tu ina zaidi ya kilo moja. Mzee aliitunza kwenye ala ya ngozi ndani ya pikapu kwa karibu miaka hamsini. Kila mahali ngozi ilipogusa, rangi ilikuwa imelika na chuma kimebaki cheupe kama sarafu ya zamani. Kile kisogo cha nyundo ambacho kidole gumba hukivuta kilikuwa kimelainika kama shanga.

Nikisema nyundo, nisieleweke vibaya. Kiswahili kimetupa bunduki, bastola, risasi na mtutu, lakini ukishaingia ndani ya mashine maneno yanakwisha, au yapo kwa wanajeshi ambao hawajayaleta kwetu. Nyundo ni kile chuma cha nyuma kinachopiga sindano, sindano inapiga risasi. Kuna kipande kingine kidogo kinachoikamata nyundo ikiwa imevutwa, kisiiachie mpaka ubonyeze triga. Jina lake la Kiswahili silijui, hapa nitakiita kizuizi. Mkishikilia hivyo viwili, nyundo na kizuizi, mtaelewa kila kitu kinachofuata.

Na rangi. Ile rangi ya bluu iliyokaribia weusi kwenye bastola za zamani si rangi ya kupaka. Ni ngozi ya chuma chenyewe, aina ya kutu iliyolazimishwa kuota kwa utaratibu ili kutu mbaya isiingie. Hili nililielewa kabla ya kuja Marekani kwa sababu baba yangu alikuwa fundi saa. Mishale ya saa nzuri na skrubu zake hupata bluu yake kwa moto, chuma kinapashwa mpaka kibadilike rangi, halafu unakiondoa haraka. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa chini ya meza yake nikisubiri rangi ifike. Inapita njano, inapita zambarau, halafu bluu, na ukichelewa sekunde chache umeharibu.

Basi. Bastola ya mzee ilikuwa na tatizo moja kwangu: inang'ata. Mkono wa mzee ulikuwa mkavu, wangu una nyama. Kila sehemu ya juu ilipokwenda nyuma, nyundo ilibana ile ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, na baada ya risasi ishirini nilikuwa natoka damu. Mzee alikuwa anacheka. "Inakuonja," aliniambia. Ni tatizo la miaka mia, na dawa yake ina miaka mingi pia: unaondoa kile kibamba cha usalama kilicho nyuma ya mpini, unaweka kirefu kilichopinda juu, ambacho Wamarekani wanakiita mkia wa biva, yule mnyama wao wa mitoni. Unabadilisha na nyundo pia, kwa sababu ile ya zamani yenye kisogo haipiti kwenye mkia mpya.

Baada ya msiba nikaamua kuifanyia. Nilimuuliza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. "Fanya unavyotaka. Ila isibadilike."

Nilipaswa kusimama hapo. Mtu akikupa ruhusa ya namna hiyo hajakupa ruhusa. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuwaza mengine: alama kubwa zaidi za kulengea, kwa sababu zile za 1971 ni ndogo kama punje, triga iwe nyepesi kidogo, na mbele ya mpini michoro ya vimraba kama ngozi ya nanasi, mistari 25 kwa inchi, ili usiteleze mkono ukiwa na jasho. Tamaa ya kurekebisha ina tabia ya kuzaa.

Fundi nilielekezwa na shemeji. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yake, chumba kimoja chenye harufu ya mafuta na feni inayolia. Ukutani kulikuwa na leseni ya shirikisho. Kwa Marekani leseni hiyo inakuruhusu kupokea silaha za watu na kufanya biashara; haikupimi mkono. Pembeni yake zilikuwepo picha za bastola alizotengeneza miaka ya tisini, na nasema kweli, zilikuwa nzuri. Mistari imenyooka, kona kali, kila kipande kimekaa kama kimezaliwa pale. Mimi si fundi lakini nimelelewa na fundi. Kazi nzuri naijua nikiiona.

Tarehe za chini ya picha sikuzisoma vizuri. Ya mwisho ilikuwa 2003.

Tukapatana dola 900, nusu nikalipa. Wiki nane, alisema. Wiki ya kumi nikapiga simu: kuna spea inasubiriwa. Mwezi wa nne: mashine imekuwa na hitilafu. Mwezi wa tano: nipigie wiki ijayo. Jamani, mimi nimekulia nchi ya "njoo kesho." Nimewahi kuvaa suruali ya mwenzangu kwenye harusi kwa sababu fundi cherehani alikuwa bado anatafuta uzi. Nilidhani nimeuacha ugonjwa huo Tanga, kumbe unasafiri bila viza. Mwezi wa saba akanipigia mwenyewe.

Alikuwa na furaha. Alinifunulia kitambaa kama anayefunua mtoto. "Nimekuongezea kitu," alisema, "hii sikuchaji." Alikuwa ameipiga msasa yote na kuitia bluu upya.

Sijui niwaeleze vipi nilichokiona. Iling'aa. Kwa mbali ungesema mpya. Kwa karibu, zile kona kali za Colt zilikuwa zimekuwa mviringo, kama sabuni iliyotumika. Yule farasi mdogo aliyegongwa ubavuni, alama ya kampuni, alikuwa amefifia mpaka miguu haikuonekana, na herufi zilizo karibu naye zilikuwa zimeyeyuka. Sehemu nyeupe zote alizozichora mzee kwa miaka hamsini ya kuweka na kuchomoa zimeondoka. Wapo wahariri wa hivi, nimefanya kazi nao: unawapa makala yenye makovu, wanakurudishia kitu laini chenye jina lako juu.

Ile michoro ya nanasi ilianza vizuri chini ya mpini. Kuanzia mstari wa tisa hivi ilianza kwenda upande, kama mwandiko wa mtoto kwenye karatasi isiyo na mistari.

Nililipa nusu iliyobaki. Hilo ndilo linalonikera hadi leo kuliko mengine. Nilisema asante, nikalipa, nikaondoka.

Mke wangu aliishika sekunde tatu. "Hii si ya baba," akaiweka mezani. Hakugomba. Siku mbili tuliongea mambo ya nyumba tu, bili na watoto wa jirani.

Ili kusuluhisha, nikamwomba twende pamoja shabaha siku ambayo mzee angetimiza miaka 74. Alikuwa hajaenda tangu utotoni, baba yake alimfundisha akiwa na miaka kumi. Alikubali. Nilisema nianze mimi, nizoeane na triga mpya, kisha nimpe yeye.

Risasi tatu za kwanza hazikuwa na neno. Mkono haukuumia, nikamwangalia nikitabasamu kama mjinga. Ya nne, nyundo sikuikuta nyuma ilipotakiwa kuwa, niliikuta imeshuka nusu njia. Nikadhani nimeigusa vibaya. Nikaivuta, nikalenga, nikabonyeza mara moja. Zikatoka mbili.

Ya kwanza ilikwenda kwenye karatasi. Ya pili ilitoka wakati bastola bado inapanda, ikaingia kwenye mbao za kinga juu ya vichwa vyetu, vumbi likatuangukia. Najua wapo kati yenu walioshamkumbuka Chekhov na ile kanuni yake kwamba silaha iliyotajwa mwanzoni lazima ilie kabla pazia halijafungwa. Lakini bunduki ya Chekhov inalia kwa sababu mwandishi ametaka ilie. Yangu ililia bila mtu yeyote kutaka. Msimamizi wa uwanja, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya sajini, alikuwa amefika kabla sijaelewa kilichotokea. Akaniambia nisisogee, akanielekeza nitoe magazini, nifungue chemba, niiweke chini. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa amesimama hatua moja nyuma ya mstari, kashavaa vizuia sauti masikioni, anasubiri. Zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Fundi wa pili alipatikana kwa yule mama wa uwanja. Ni mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Houston. Amesoma huko Trinidad, Colorado, mji mdogo wenye chuo kinachofundisha ufundi wa bunduki tangu 1947. Hakusema neno hata moja juu ya mwenzake. Aliifungua, akaweka nyundo na kizuizi chini ya lensi, akanisogezea kiti niangalie mwenyewe. Nyundo ina vikato viwili vidogo ambavyo kizuizi hukaa ndani yake, unene wake ni wa ukucha. Vilikuwa vimesuguliwa kupunguza uzito wa triga, vikapunguzwa kupita kiasi, na havikuwa sawa kwa urefu, kwa hiyo kimoja tu ndicho kilikuwa kinashika. Mtikisiko wa risasi ulitosha kuiachia nyundo yenyewe.

"Ingefika wakati ikamwaga magazini nzima," alisema.

Nikamuuliza kinachorekebishika. Nyundo na kizuizi anaweka vipya, vya kiwandani, na triga itakuwa nzito kama zamani. Alama za kulengea zimekaa sawa. Mistari ya nanasi anaweza kuilainisha lakini hawezi kuinyoosha. Kona na herufi, hapana. Akapitisha kidole kwenye ubavu uliofifia. "Chuma ukikitoa, kimetoka." Nikauliza kuhusu kurudisha kile kibamba cha zamani na ile nyundo yenye kisogo. Akanionyesha masikio ya fremu yalivyokatwa kupisha mkia wa biva. Kile cha zamani kikirudi kitaacha pengo, na bila hicho nyundo ya zamani haina mahali pa kwenda. "Lakini ungekuwa navyo," alisema. "Alikurudishia vipande vyako?"

Hakunirudishia. Na mimi, mtoto wa fundi, sikuvidai. Baba yangu alikuwa na bahasha ndogo za khaki. Ukileta saa, kila alichokitoa kinaingia kwenye bahasha yenye jina lako, hata skrubu iliyokatika, ili ukione ulicholipia.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa nyuma ya nyumba ya fundi wa kwanza. Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Kwa kazi yangu najua kumbana mtu: unaanza na lile analoweza kukubali, unapanda taratibu. Nilimwambia ilifyatua mbili. Akauliza nimetumia risasi za kampuni gani. Nikamwambia fundi mwingine ameipima. Akasema bastola mpya zinahitaji kuzoeana. Si mpya, nikamwambia, ni ya 1971. Nikamwekea mezani ile nyundo aliyoisugua, kwenye kijimfuko.

Akavaa miwani, juu ya miwani akashusha lensi, akaisogeza nyundo mpaka karibu iguse kioo. Akaigeuza, akaitazama tena. Akavua lensi, akaifuta kwa shati, akarudia. Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira yote niliyoiendesha saa nzima kwenye barabara kuu ikakosa pa kukaa. Alikuwa haoni.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili macho ya baba yalipoanza kwenda. Hakumwambia mtu. Alisogeza meza karibu na mlango, kisha nje barazani, akifuata mwanga. Saa zilianza kurudi. Wateja wake, watu wa Tanga wenye haya zao, hawakusema kitu. Walikuwa wanachukua saa, wanalipa, wanashukuru, wanakwenda kwa fundi mwingine barabara ya pili. Wachache waliorudi, mimi ndiye nilikuwa natumwa kuwapelekea hela zao, na nilikuwa nawaambia kwamba baba anaumwa mafua. Aliendelea hivyo karibu miaka mitatu.

Lakini saa mbovu inakuchelewesha basi tu. Nilimwambia yule mzee, na Kiingereza changu kilikuwa kibovu siku hiyo: "Mke wangu ndiye alikuwa anafuata kupiga. Usiguse triga za watu tena." Alikaa kimya muda mrefu, feni inalia. Akasema, "Najua." Akaandika hundi ya dola 900, herufi zake kubwa kama za mtoto wa darasa la pili.

Nikamuuliza vipande vya zamani. Akavuta kutoka chini ya meza kopo kubwa la kahawa, la bati, akalimwaga juu ya gazeti. Lilikuwa limejaa vyuma vya watu: springi, pini, vibamba vya usalama, alama za kulengea, na nyundo, labda thelathini, nyingi zenye kisogo, karibu zote za bastola za aina hii. Miaka yake yote ilikuwa pale. Tulichambua wote wawili, yeye kwa vidole, mimi kwa macho. Nilitafuta ule ulaini wa kidole gumba. Nilipata mbili. Nilizitazama mpaka zikaanza kufanana zaidi. "Chukua zote," alisema.

Nikiwa barabarani nikampigia mama. Kwao ilikuwa saa nne usiku. Nilimsimulia yule fundi na macho yake, nikamwambia amenikumbusha baba, na kwamba nashukuru angalau baba hakujua watu walikuwa wanapeleka saa kwingine.

"Alikuwa anajua," mama akasema. "Unadhani kwa nini alikuwa anakutuma wewe?"

Niliegesha kwenye kituo cha mafuta kwa muda.

Bastola sasa iko sawa. Inalia mara moja ukibonyeza mara moja, na triga ni nzito kama ya 1971. Inakaa kwenye sefu. Inang'aa bado, siipendi inavyong'aa. Shemeji nilimweleza yote, na nilimwomba asimwelekeze mtu mwingine kule. Jina la fundi sijaliandika popote, hata hapa. Fundi wa pili aliniambia atakwenda kuongea naye mwenyewe, na baadaye nikasikia kwamba siku hizi anauza ala za ngozi tu na vitambaa vya kusafishia.

Zile nyundo mbili nilimwekea mke wangu mezani jioni ile ile. Nilitaka kumwambia moja ni ya baba yake, nimwonyeshe ipi, tumalize. Midomo ikakataa. Nilimwambia nimezitoa kwenye kopo, inaweza kuwa hii, inaweza kuwa hii, inaweza isiwe hata moja.

Alizitazama bila kuzigusa. Halafu akafumba macho, akaweka kidole gumba juu ya ya kwanza, akavuta, akaweka juu ya pili, akavuta. Alirudia mara kadhaa. Nikasikia jirani anawasha mashine ya kukatia majani.

"Alikuwa ananiruhusu niivute mimi," alisema. "Ilikuwa ngumu, nilikuwa natumia vidole vyote viwili."

Akachukua moja, akaiweka kwenye bakuli la funguo mlangoni. Ipo pale mpaka leo. Ile nyingine ipo kwenye droo yangu ya kazi, ndani ya bahasha ndogo ya khaki ambayo sijaiandika jina.